Keki za Nyuk Moi Zilizoishia Getini

Thong Nyuk Moi, binti wa Thong Fatt Sin aliyechimba bati mjini Kampar mpaka kifua kikamziba, na wa Lai Kiew Yin aliyeinama mtoni kuchekecha bati kwa sinia la mbao, mimba juu ya mimba, bila kumwomba mtu msaada. Nyuk Moi aliyeingia mto huohuo akiwa bado na meno ya utotoni. Aliyeolewa na Liew fundi wa baiskeli, akamvumilia, akamzika kwa heshima. Aliyesaga soya kila alfajiri na kuuza tofu iliyoliwa na mji mzima, Wachina, Wahindi na Wamalay, wala hakutokea hata mmoja wa kurudi kusema imechacha. Aliyewasomesha watoto wake wote kwa kazi hiyo na hajawaomba kitu mpaka leo: huyo ndiye mwanamke aliyekwenda Kuala Lumpur kumtembelea rafiki yake kwa siku moja tu, akakaribishwa kwa kikombe cha karatasi.

Nayaandika haya kwa kuwa nilikuwa naye, na kwa kuwa wajukuu wetu wakisimuliwa hucheka, wanasema, "Bibi, si keki tu hizo?" Basi wasome wajue zilikuwa nini.

Nyumba zetu Kampar ni za mstari mmoja, ukuta kwa ukuta. Kushoto aliishi Hajah Saodah, Mmalay, na mumewe, mpiga bendera wa reli. Katikati Nyuk Moi na Liew wake. Kulia mimi Letchumi, Mhindi, ambaye wenzangu huniita Akka, yaani dada kwa lugha yetu. Saodah alituzidi umri, ndiyo maana sote tulimwita Kak Odah, dada mkubwa. Mwaka ule wa amri ya kutotoka nje, Wachina na Wamalay walipouana huko mji mkuu na nchi nzima ikafungiwa ndani, Kak Odah alikuwa ametoka kujifungua. Mumewe alikwama stesheni ya mbali na hakuna treni iliyokuwa ikitembea. Mchele ulimwishia. Maziwa yakamkauka. Kitoto kile kililia mpaka sisi wa upande wa pili wa ukuta tukashindwa kulala.

Sasa, Nyuk Moi alikuwa na mchele. Lakini sufuria zake zote zilikuwa zimepikiwa nguruwe, na Kak Odah asingeweza kula humo hata kwa njaa. Mwingine angesema, nimejaribu, basi. Nyuk Moi aliingia uvunguni mwa kitanda akatoa sufuria kubwa aliyopewa siku ya harusi yake, haijawahi kuguswa, bado ina karatasi ya dukani. Akawasha moto uani, penye dirisha la Kak Odah, ili mwenye kula aone kila kinachoingia ndani. Akampikia uji wa mchele na tangawizi na samaki, akaupitisha juu ya ukuta. Maziwa yakarudi.

Tangu siku ile sufuria ile ikawa ya Kak Odah, ingawa ililala nyumbani kwa Nyuk Moi. Liew aliipaka mstari wa kijani kwa rangi ya baiskeli. Ilikuwa na kitambaa chake, mwiko wake, kisu chake, na sifongo yake peke yake. Watoto wa nyumba ile walijua kwamba wanaweza kuvunja sahani, wanaweza kuanguka mtihani, lakini wasiguse sufuria ya kijani. Na kila mwaka mpya wa Kichina Nyuk Moi alipika humo keki za Kak Odah, zile za unga wa mchele wa kunata na sukari, zinazofungwa kwa majani ya mgomba na kuiva kwa mvuke mchana kutwa. Zake mwenyewe, zinazowekwa mbele ya mungu wa jikoni, alizipika siku nyingine, kwenye chombo kingine. Hakuchanganya hata mara moja.

Yaani mara moja tu ilichanganywa, na si yeye. Liew alirudi amelewa akapasha moto miguu ya nguruwe humo. Asubuhi Nyuk Moi aliibeba sufuria kichwani mpaka kwenye bwawa la mgodi, akaitupa katikati ya maji. Kisha akaenda mlangoni kwa Kak Odah, hata hajanawa uso.

"Kak," akasema, "sufuria yako imekufa. Mume wangu kaiua."

Kak Odah alicheka mpaka akakaa chini. Wakaenda sokoni pamoja kununua nyingine, Kak Odah ndiye akachagua, na Liew akaipaka nayo mstari wa kijani, kisha akalala na baiskeli zake mpaka mvua zilipokwisha. Nani angejua kama Nyuk Moi angeisugua tu na kunyamaza? Hakuna. Ndiye mtu wa namna hiyo.

Haya. Miaka ikaenda, waume wakafa. Kak Odah akaanguka bafuni, akavunjika nyonga, na mwanawe Rizduan akamchukua kwenda kuishi naye Kuala Lumpur, kwenye maghorofa ya Wangsa Maju. Rizduan ndiye kile kitoto cha mwaka wa amri. Mwaka wa kwanza tukazungumza kwa simu tu. Wa pili, mwaka mpya ulipokaribia, Kak Odah alimpigia Nyuk Moi, sauti nyembamba kama ya mtoto.

"Ah Moi, mwaka huu tena nitakula nini?"

"Utakula unachokula siku zote," Nyuk Moi akamjibu. "Nakuja."

Akapika. Alipika kwa mikono ambayo vidole vyake havinyooki tena, na alinikataza kuingia jikoni kwa sababu nina mdomo, na keki hizo zikisikia ugomvi haziivi vizuri. Tukapanda treni ya asubuhi. Watu wote waliweka mizigo yao juu. Yeye alikaa na kikapu mapajani mpaka tukafika. Kwenye treni ya mjini msichana mmoja alimpisha kiti. Akataka na kikapu amshikie, Nyuk Moi akakikumbatia kama mtu anataka kumwibia mjukuu. Nilichungulia nikaona juu ya kila keki kabandika kipande cha karatasi nyekundu, kimekatwa vizuri, duara.

"Umezipamba," nikamwambia.

"Tunakwenda mjini, Akka. Unataka wakwe wa Kak Odah waseme nimeleta matope?"

Rizduan hakuwepo, alikuwa kazini Johor. Aliyetufungulia mlango ni mkewe, Faezah, mfanyakazi wa benki, mtoto mzuri wa sura, hijabu imebanwa hata unywele hauonekani. Alitupa mkono, akagusa kifua, akapokea kikapu, akakipeleka jikoni. Mpaka hapo sina neno. Kak Odah alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha. Walipoonana wale wawili hawakulia. Walitukanana.

"Umekuwa mdogo, Kak! Wanakulisha au wanakuangalia tu?"

"Na wewe umekuwa mweusi kama Akka! Bado unauza tofu barabarani, bibi kizee?"

"Nimeacha. Watu walianza kununua kwa huruma, nikakasirika."

"Na wewe Letchumi, mguu wako?"

"Upo, Kak. Unanifuata nyuma," nikasema, tukacheka wote.

Ndipo Faezah akaleta vinywaji. Mama mkwe akapata glasi. Sisi wageni wawili tukapata vikombe vya karatasi, na sahani za karatasi, na biskuti za pakiti zenye muhuri wa halali umeelekezwa juu, kama mtu anakuonyesha kitambulisho. Nilimwangalia Nyuk Moi. Alikigeuzageuza kile kikombe mkononi. Huyu aliyekula kwenye sahani za Kak Odah kabla Faezah hajazaliwa! Huyu ambaye siku ya Idi alikuwa akikaa jikoni kwa Kak Odah akikuna nazi kama binti wa nyumba! Akanywa. Mimi ningesema.

"Faezah," Kak Odah akaita, "kata keki, mwanangu. Kuna na nazi kwenye friji, ikune."

"Baadaye, mama. Kwanza mle biskuti."

Tukala biskuti, na mara moja nikasikia mlango wa nyuma wa jikoni ukifunguka. Tukasimulia nani kafa, nani kaoa, nani kauza nyumba kwa watu wa hoteli. Kak Odah akaita tena.

"Faezah, keki."

"Mama, sukari yako. Daktari kasema."

"Sukari yangu naijua, nimeishi nayo kuliko wewe na mwanangu. Kipande kimoja."

"Nitakukatia jioni, mama. Nimeziweka ndani."

Niliona Nyuk Moi anatazama mlango wa jikoni. Alitoka Kampar kwa jambo moja tu: kumwona Kak Odah akila. Miaka yote hiyo ilikuwa hivyo, mmoja anakula, mwingine anatazama, na huo ndio ulikuwa urafiki wao, sijui niueleze vipi zaidi. Dada mkubwa anakitia kinywani anachokipika mdogo wake, bila kuuliza. Akikataa kukila siku moja, basi siku zote za nyuma nazo zinaanza kuulizwa.

Saa ya treni ikakaribia. Kak Odah alikuwa amesinzia kitini, wazee ndivyo tulivyo. Nyuk Moi alimfunika miguu kwa kanga yake, tukaaga, tukatoka. Kwenye lifti alisimama akiutazama mlango.

"Hajala, Akka."

"Atakula jioni."

"Hajala mbele yangu."

Lifti ikafunguka. Pale getini kuna kibanda cha mlinzi, mtu mzima kutoka Nepali, Tikaram jina lake, tulimsalimia asubuhi tulipoingia. Alikuwa amekaa kwenye stuli, na mbele yake, juu ya gazeti, majani ya mgomba yamefunuliwa, keki imekatwa vipande, na karatasi nyekundu ameibandika ukutani karibu na picha ya watoto wake. Kikapu cha Nyuk Moi kilikuwa miguuni pake.

"Karibuni mama zangu!" akasema, mdomo umejaa. "Tamu hii! Imenikumbusha kwetu. Dada wa juu kanipa zote. Yule dada ana roho nzuri sana!"

Sikuwahi kumwona Nyuk Moi akikosa rangi. Alikosa. Midomo yake ikawa kama tofu yake mwenyewe.

"Kanipa zote," akarudia polepole. "Umekula ngapi?"

Tikaram akaacha kutafuna. Akatuangalia mmoja mmoja, akaelewa kidogo kidogo, maskini, akainuka.

"Moja tu, mama. Hii. Nyingine sijazigusa. Nimekosea? Chukueni, chukueni."

"Wewe hujakosa," Nyuk Moi akamwambia. "Hiyo uliyokata ni yako, uile vizuri. Akka, bonyeza lifti."

"Na treni?"

"Treni ziko nyingi."

Alipanda akiwa amebeba kikapu, na mlango alipoufikia hakubonyeza kengele. Aliupiga kwa kiganja, mpaka majirani wakachungulia. Faezah akafungua, akakiona kikapu, akashika mwimo wa mlango.

"Anti…"

"Niite jina langu kwanza," Nyuk Moi akasema. "Nataka mtu anayeniita mwongo aniite kwa jina langu."

"Anti, mimi sijakuita mwongo!"

"Umempa mlinzi chakula cha mama yako! Umemnyima mgonjwa anachokiomba tangu asubuhi, ukamdanganya kwa sukari! Kwa nini? Kwa sababu kimetoka mkononi mwangu! Ungeninyima chai ningenyamaza. Umenipa kikombe cha karatasi, nikanyamaza. Lakini hii? Mume wako unajua alikua kwa chakula gani? Ziwa alilonyonya lilijaa kwa uji wa mkono huuhuu unaouogopa! Mtapishe kwanza yeye, ndipo uje unitupie keki zangu getini!"

Mimi nikadakia, sina budi, nilikuwa nimebana tangu saa sita. Nikamwambia Faezah kwamba ningekuwa mama yake ningemrudisha shule, si ya benki, ya adabu. Nyuk Moi akaniambia, "Akka, nyamaza, hii yangu."

Kak Odah alikuwa ameamka. "Nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Kak. Keki zako zilikwenda kutembea."

Faezah alianza kulia, lakini hakuinamisha kichwa, na hilo nililiona.

"Niliona karatasi nyekundu," akasema. "Ofisini kwetu Wachina wanaleta keki hizi kila mwaka. Mwenzangu ndiye aliyenieleza mwenyewe, Mchina mwenzenu, Anti: yenye karatasi nyekundu imeshawekwa mbele ya miungu, usimpe Mwislamu. Mama hawezi kwenda jikoni kuangalia anachokula. Anakula ninachompa mimi. Kesho mbele ya Mungu nitaulizwa mimi juu ya kinywa chake, si yeye. Ningefanyaje?"

Nyuk Moi akatazama ndani ya kikapu, kwenye zile duara alizozikata kwa vidole visivyonyooka.

Kak Odah ndiye aliyeanza kucheka. Kilianza kidogo, kifuani, kisha kikatikisa kiti chote. Kicheko kilekile cha siku ya sufuria iliyokufa.

"Ah Moi! Tangu lini ukaniwekea mimi karatasi nyekundu?"

"Niliweka kwa uzuri!" Nyuk Moi akafoka. "Nilikuja mjini! Nilitaka zipendeze!"

"Umeishi na miungu yako miaka yote, hujui alama yao?"

"Najua! Nilisahau! Mtu hawezi kusahau?" Akamgeukia Faezah, hasira haijapungua hata kidogo, imehama tu mahali pa kukaa. "Na wewe, kosa langu ni karatasi. Kosa lako ni lipi? Una mdomo! Ungeuliza! 'Anti, hizi zimekaa wapi?' Maneno hayo tu! Ningekujibu. Ningebandua karatasi mbele yako na kujicheka mwenyewe. Ulikaa na mimi mchana kutwa unaniletea biskuti, unatabasamu, na moyoni umeshanihukumu!"

"Niliona haya, Anti. Niliona kukuuliza ni kukutukana."

"Kunyamaza ndiko kulikonitukana!"

Faezah akafuta uso kwa ncha ya hijabu. Halafu, kwa sauti ndogo lakini ya kusikika, akauliza.

"Anti, hizi zimekaa wapi?"

Nyuk Moi akavuta pumzi. "Zimepikwa kwenye sufuria ya kijani aliyoichagua huyu hapa mwenyewe, sokoni Kampar. Unga, sukari, maji, majani. Mafuta hakuna. Zilitoka jikoni zikaingia kikapuni, na kikapu mapajani mwangu. Miungu yangu hawajaziona hata kwa mbali. Karatasi niliibandika mezani usiku, kwa kiburi."

"Basi," Kak Odah akasema, "mmemaliza kesi? Mimi nina njaa."

Faezah akatandaza kitambaa, akazibandua zile karatasi moja baada ya nyingine. Kisu akatoa chake, nazi akaikuna mwenyewe, na sahani, nasema kweli, zilikuwa za udongo, zenye maua ya bluu, kwa wote. Kak Odah alikitia kipande kinywani, akafumba macho. Keki ilimganda kwenye meno ya bandia, akapambana nayo, nazi imemwagika kidevuni.

"Ngumu kidogo," akasema.

"Imekaa na mlinzi, unatakaje?" Nyuk Moi akasema. Alikuwa anamtazama. Mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu Kampar.

Faezah hakula kwanza. Alingoja, akaona mama mkwe amemeza na kuomba kingine, ndipo akachukua kipande kidogo, akasema bismillahi yake, akala. Mimi hilo lilinichoma bado, sitaficha. Lakini Nyuk Moi alimwangalia kwa namna nyingine, kama anavyoiangalia soya kabla hajainunua.

"Njoo ukae hapa," akamwambia.

Faezah akakaa chini, mbele ya magoti yake.

"Vidole vyangu unaviona. Mwaka huu nilikanda unga kwa viwiko. Watoto wangu wa kiume wako Singapuri, nikifa wataichukua ile sufuria wachemshie tambi na wasijue wamefanya nini. Akka hawezi, yeye anaongea mno, keki zitachacha."

"Haya," nikasema.

"Wewe unaogopa. Ulimwogopea mama yako mpaka ukawa huna adabu. Mtu wa hivyo ndiye anayefaa kutunza chombo. Sikusamehi leo, usinielewe vibaya, hasira yangu nitarudi nayo kwenye treni. Lakini sikiliza. Mwakani, kabla ya mwaka mpya wetu, utaomba ruhusa kazini uje Kampar. Utalala kwangu, au kwa Akka kama kwangu kunanuka nguruwe."

"Nitakuja, Anti. Rizduan atanileta…"

"Sikumtaja Rizduan. Wewe. Utaishusha sufuria mwenyewe, utaiosha mwenyewe, utawasha moto uani palepale. Mimi nitakaa kwenye kiti nikuonyeshe maji kiasi gani na moto kiasi gani, na hutagombana na mtu mpaka ziive. Kila unachokitilia shaka utauliza palepale, kwa sauti, nami nitajibu hata ukiuliza mara kumi. Ukimaliza utaichukua sufuria uje nayo huku, itakuwa mikononi mwako, na kila mwaka utampikia huyu mpaka atakaposhindwa kutafuna. Na kisu uje nacho chako. Sitaki kusikia baadaye kwamba kisu changu kilikata nguruwe."